Ikutha na Siku Sita Zilizobaki

Jumatano ya Majivu ya mwaka 2023 iliangukia Februari 22. Siku hiyo sheria ya Kanisa Katoliki humtaka muumini mwenye afya, kuanzia miaka 18 hadi anapoingia mwaka wake wa 60, ale mlo mmoja kamili tu. Akila kitu kingine asubuhi na jioni, kiwe kidogo. Nyama asiguse.

Kusini mwa Kaunti ya Kitui agizo hilo lilifika limechelewa. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imeshindwa mfululizo, kuanzia ile ya Oktoba hadi Desemba 2020, na wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wakisema ukame wa namna hiyo haujaonekana katika Pembe ya Afrika kwa miaka 40. Ikutha, Mutha na Kanziko, mlo mmoja kwa siku ulikuwa umekwisha kuwa desturi ya nyumba nyingi, na haukuwa kamili. Ng'ombe waliobaki walikuwa wameuzwa kwa bei ya kutupa. Katekista aliyesimama mbele ya waumini akiwa na kibakuli cha majivu alikuwa na kazi ngumu: amwambie nini, kuhusu kufunga, mama ambaye tangu Oktoba amekuwa akijinyima ili watoto wapate?

Swali hilo ni zuri kuliko mahubiri mengi ya Kwaresima niliyowahi kuyasikia mijini, ambako kufunga huwa ni kuacha soda na sukari. Nabii Isaya, katika sura ya 58, analijibu bila kuzungukazunguka: mfungo unaompendeza Mungu ni kufungua minyororo ya dhuluma na kumgawia mwenye njaa chakula. Kanisa la Kenya limejaribu kulichukua jibu hilo kwa uzito. Kila mwaka Tume ya Haki na Amani ya maaskofu hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, chenye mada za wiki tano: ardhi, maji, familia, uongozi, vijana, kadiri ya mwaka. Kila wiki kuna hadithi, kisha maswali yenye hatua tatu, ona, amua, tenda. Mwishoni hukusanywa sadaka ya Kwaresima kwa ajili ya wahitaji. Tatizo ni kwamba Ikutha, mara nyingi, anayetoa na anayehitaji ni mtu mmoja.

Hapo ndipo imani ya kila siku inapoanza kuwa habari yenye maana. Ukiwauliza watu maana ya kuishi Ukatoliki nyumbani na kazini, wengi watataja rozari ya Mei na Oktoba, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, sala ya Malaika wa Bwana saa sita. Hayo yote yapo Ikutha, na ni mazuri. Lakini katika nchi kavu namna hii, ninavyoona mimi, imani hupimwa zaidi na vitu ambavyo havina harufu ya ubani: foleni ya maji, deni la dukani, gunia la makaa, mazishi ya jirani, kipimo cha ndengu.

Ikutha ni mji mdogo wa soko, kwenye barabara inayotoka Kibwezi, ikavuka mto Athi, ikapitia Mutomo hadi Kitui mjini. Ng'ambo ya Athi, upande wa magharibi, ni Makueni. Kusini vichaka vinaendelea hadi Mbuga ya Tsavo Mashariki, na ndovu hawajui mpaka uko wapi. Makanisa madogo yametawanyika, moja hapa na jingine mwendo mrefu wa pikipiki kutoka hapo, na padri ni wa wote. Kwa hiyo Jumapili nyingi kigangoni hakuna Misa; kuna Ibada ya Neno inayoongozwa na katekista, somo kwa Kikamba, na kwaya inayoimba nyimbo za Kiswahili zilizotungwa Tanzania. Padri akifika, watoto hubatizwa, wagonjwa hupakwa mafuta, wenye maungamo hupanga foleni chini ya mti. Akishaondoka, imani inabaki mikononi mwa wenyewe.

Wala Wakatoliki si Wakristo wa kwanza kufika hapa. Walutheri wa Kijerumani kutoka Bavaria walijenga misheni Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakitokea pwani ambako walikuwa na kituo Jimba, karibu na Rabai. Mwaka 1893 kazi yao ilichukuliwa na chama cha misheni cha Leipzig, na jina la mchungaji Johannes Hofmann ndilo linalokumbukwa zaidi katika kumbukumbu za kituo hicho. Kabla karne haijaisha, njaa kubwa ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye ilipita katika nchi yote. Vita vya 1914 vikawaondoa Wajerumani, na Africa Inland Mission ya Wamarekani ikarithi mahali pao. Ndiyo maana hadi leo AIC (Africa Inland Church) ndilo kanisa la nyanya za watu wengi huku. Roma ilikuja baadaye: eneo la kitume la Kitui liliundwa mwaka 1956, likawa jimbo kamili mwaka 1963, chini ya Waairishi wa Shirika la Mtakatifu Patrick la Kiltegan. Askofu wa kwanza, William Dunne, aliongoza hadi 1995. Masista wa Huruma kutoka Ireland wakajenga hospitali ya Mutomo, na kwa vizazi vingi jina la Kanisa Katoliki kusini mwa Kitui limeanzia pale wodini, kabla ya altareni.

Historia hiyo ina matokeo yake katika boma la kawaida. Nyanya ni wa AIC na hajawahi kuonja pombe. Mkaza mwanawe ni Mkatoliki. Kijana wa mwisho amejiunga na kanisa jipya la sokoni lenye vipaza sauti. Mjomba hana kanisa, ila anajua mahali penye mti wa ithembo, ambako wazee waliomba mvua zamani, na ukame ukizidi hakosi kuwakumbusha. Mkatoliki huyo hutaniwa kwamba dini yake inaruhusu pombe ya kaluvu, na utani huo una ukweli kiasi cha kumfanya anyamaze. Kuishi imani katika boma kama hilo ni kuiishi mbele ya mashahidi wanaokujua tangu utotoni na ambao hawana sababu ya kukupendelea.

John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 na kulelewa katika kanisa hilohilo la AIC, aliligusa jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alieleza kwamba Mwafrika wa jadi huibeba dini yake popote aendapo, shambani, kwenye kilevi, kwenye mazishi. Miaka miwili baadaye, katika kitabu kingine, alichunguza jinsi Wakamba walivyopokea mafundisho ya wamisionari kuhusu mwisho wa dunia. Alionyesha kwamba walihubiriwa mbingu ya mbali kwa namna ambayo haikukaa vizuri katika fikra zao za wakati. Mbiti hakuwa Mkatoliki, lakini sijui padri wa Ukambani ambaye hawezi kufaidika kwa kumsoma. Watu ambao dini yao ilikuwa ya kila siku walipewa dini ya Jumapili, kisha baadaye wakaanza kuhimizwa waipeleke Jumapili hiyo kwenye siku sita zilizobaki.

Jibu la Kanisa Katoliki kwa pengo hilo lina jina ambalo kila Mkatoliki wa Afrika Mashariki analijua: jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 waliamua kwamba Kanisa la eneo hili lijengwe kutoka chini, nyumba kumi au ishirini jirani, na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Nchi jirani zilikuwa zikijaribu mambo yanayofanana. Tanzania, Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda hata kuishi katika kijiji cha ujamaa.

Ukambani mbegu hiyo ilikuta udongo uliolimwa tayari. Mwethya, kikundi cha majirani wanaolima shamba la huyu leo na la yule kesho, ulikuwepo kabla ya padri yeyote. Mwethya ndio uliochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na ndio uliobeba mawe ya mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa mamia Kitui tangu miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SASOL. Ukuta wa zege hukinga mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo miezi mingi baada ya mto kukauka, mbali na jua na ng'ombe. Ukiwaona watu wa jumuiya moja wakipasua mawe pamoja na watu wa AIC na wasio na kanisa, huwezi kujua nani ni nani. Nadhani hilo ndilo jambo la Kikatoliki kuliko yote yanayofanyika kusini mwa Kitui, na halina hata ishara ya msalaba.

Jumuiya hukutana mara moja kwa wiki, nyumba kwa nyumba, chini ya jina la mtakatifu msimamizi. Nyingi hutumia hatua saba za kushirikishana Injili zilizotungwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Humwalika Bwana, husoma, huchagua maneno yaliyowagusa, hunyamaza, hushirikishana. Hatua ya sita ni ya kuuliza: Neno hili linatutuma tufanye nini wiki hii? Ya saba ni kuomba. Hatua hiyo ya sita ndiyo yenye uhai, na ndiyo inayofupishwa kuliko zote. Jua linazama, chai iko tayari, na mweka hazina ana daftari lake. Basi "tufanye nini" inageuka kuwa "nani hajatoa": mchango wa ujenzi wa nyumba ya padri, wa sikukuu ya msimamizi, wa semina, wa gari. Kila mchango una sababu yake, na parokia haiendeshwi kwa hewa. Lakini mtu aliyekuja na wazo kwamba jirani yao mjane hajafikiwa na maji kwa siku tatu ataondoka nalo.

Kutoka kwenye daftari hadi kwenye kaburi si mbali. Katika parokia nyingi za Kenya kumekuwa na mazoea kwamba familia ikifiwa, viongozi wa jumuiya ndio wanaoulizwa kwanza: marehemu alikuwa akihudhuria? Alikuwa akitoa? Jibu likiwa la kusitasita, Misa ya mazishi huwa mashakani, na familia hulipa malimbikizo huku mwili ukiwa mochari na bili ikipanda. Wanaotetea utaratibu huu wana hoja, na nimeisikia ikitolewa kwa uchungu wa kweli. Kuna watu ambao hawajawahi kukanyaga jumuiya, hawajawahi kumbebea mfiwa mtungi wa maji, halafu siku yao ikifika ndugu wa Nairobi wanashuka na suti nyeusi kudai padri na kwaya. Kumzika mtu kama huyo kwa heshima zote, wanasema, ni kuwadharau walioshinda juani.

Naielewa hoja hiyo, lakini siikubali. Sheria ya Kanon ya 1983, katika kipengele cha 1184, inataja wanaopaswa kunyimwa mazishi ya Kanisa wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa dhahiri ambao kuwazika kwa ibada kungewakwaza waumini. Asiyelipa mchango wa nyumba ya padri hayumo katika orodha hiyo. Na kumzika mfu ni tendo la huruma, la saba kati ya matendo ya huruma ya kimwili ambayo kila mtoto wa Kipaimara hukariri. Halina masharti ya stakabadhi. Jumuiya iliyoundwa ili imani ishuke hadi jikoni ikishakuwa lango la kukusanyia ada, imeirudisha imani kule ilikotoka: ofisini.

Kazini nako kuna mambo. Kati ya 2008 na 2017 Jimbo la Kitui liliongozwa na Askofu Anthony Muheria, ambaye sasa ni Askofu Mkuu wa Nyeri. Muheria alipata upadri wake kupitia Opus Dei, taasisi iliyoanzishwa Madrid na Josemaría Escrivá mwaka 1928 na ambayo Wakenya wanaijua zaidi kwa Strathmore, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1961. Mafundisho makuu ya Opus Dei ni kwamba mlei hutakatifuzwa katika kazi yake ya kawaida: kazi ikifanywa vizuri, kwa uaminifu, mbele ya Mungu, ni sala. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1964, kwamba wito wa utakatifu ni wa kila mbatizwa, si wa mapadri na watawa peke yao.

Ni mafundisho mazuri, ila mifano yake mingi inanukia karatasi: mhasibu mwaminifu, mwalimu anayeandaa somo, daktari asiyechoka. Ikutha inayauliza swali gumu zaidi. Vipi kazi yenyewe ikiwa ni kuchoma makaa?

Mvua ikikosekana, makaa ndiyo mazao yanayobaki. Mti uliochukua miaka mingi kukua unakatwa, unafukiwa, unatoka magunia machache, lori linapita usiku kuelekea Nairobi au Mombasa. Mapema mwaka 2018 serikali ya kaunti, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga. Ghasia zikafuata na lori likachomwa, na mjadala ukageuka kuwa wa makabila na siasa, kama kawaida yetu. Yule aliyekuwa na shoka hakuulizwa. Papa Fransisko alikuwa ametoa waraka wake kuhusu dunia kama nyumba yetu ya pamoja, Laudato Si', Juni 2015, na Novemba mwaka huohuo akaja Nairobi akazungumza Kangemi kuhusu maji na ardhi ya maskini. Waraka huo haumruhusu msomaji kuchagua kati ya kilio cha dunia na kilio cha maskini. Unadai vyote viwili visikike kwa pamoja.

Ni rahisi kuukubali ukiwa umekaa. Katika jumuiya ya Ikutha, mwenye tanuru la makaa na mwenye mizinga ya nyuki iliyokosa maua kwa sababu ya tanuru hilo huketi benchi moja. Chai ya mkutano yenyewe huchemshwa kwa makaa. Kuna wanaopanda mukau, mti wa asili wa nchi kavu wenye mbao nzuri, ambao watafiti wa misitu wa KEFRI pale Kitui wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Lakini mukau wa mbao unasubiriwa miaka kumi na zaidi, na karo inadaiwa Januari. Sidhani kwamba mchoma makaa anahitaji kuambiwa anatenda dhambi. Anajua mti una thamani gani, aliuchezea kivulini akiwa mtoto. Anachohitaji ni jumuiya itakayokaa katika hatua ya sita muda wa kutosha kumuuliza karo ni kiasi gani, na kama wanaweza kuibeba pamoja hadi msimu ujao. Vyama vya kuweka na kukopeshana vya akina mama vinafanya hivyo tayari, kila wiki, bila kuviita ibada.

Kuna jambo jingine ambalo ukikaa kanisani utaliona kwa macho, bila kuambiwa. Wakati wa komunyo, watu wazima wengi hubaki wameketi. Si kwamba hawaamini. Wameoana kimila: mbuzi wa ntheo walipelekwa, wazee wakala, na kwa Mkamba ndoa imesimama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa hiyo kama ndoa. Kanisa linataka sakramenti, na sakramenti imegeuka kuwa sherehe: gauni, keki, hema, picha, magari. Mtu mwenye watoto wanne na ekari chache za mchanga huahirisha hadi atakapopata pesa, na huzeeka akiahirisha. Parokia nyingi zimejibu kwa kufungisha harusi za pamoja, wanandoa kadhaa siku moja, sufuria moja ya wali. Napenda sana harusi hizo. Bibi harusi mwenye wajukuu ni ushahidi kwamba sakramenti haikuwahi kuhitaji keki.

Zipo hali ambazo harusi ya pamoja haizigusi. Mke wa pili, ambaye mumewe hawezi kumwacha bila kumdhulumu. Iweto, mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake asiye na watoto ili jina la nyumba lisipotee. Waraka wa Papa Fransisko kuhusu familia, wa mwaka 2016, uliwataka wachungaji wasindikize na kupambanua, wasitoe hukumu ya jumla. Kwenye kigango kinachomwona padri kwa nadra, anayesindikiza ni katekista na akina mama wa jumuiya, ambao hawajasoma waraka wowote. Nao hufanya kitu ambacho sijaona kikiandikwa popote: mke wa pili ndiye mara nyingi kiongozi wa usafi wa kanisa, ndiye anayekesha na mgonjwa, ndiye anayejua nyimbo zote. Hapokei komunyo. Anaibeba parokia.

Kuhusu siasa nitasema kidogo, kwa sababu magazeti hayajawahi kunyamaza juu yake. Novemba 2024, Rais William Ruto alitoa mamilioni ya shilingi katika kanisa la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa hizo zirudishwe. Taifa zima lilijadili. Vijijini swali hilo lina uso wa karibu zaidi, maana anayekuja na bahasha kigangoni ni mwakilishi wa wadi ambaye pia ni binamu, na mabati anayoahidi yanahitajika kweli. Kumkatalia rais ukiwa askofu mkuu kunahitaji ujasiri. Kumkatalia binamu ukiwa mweka hazina wa kigango chenye paa linalovuja kunahitaji ujasiri wa aina nyingine, ambao hautangazwi kwenye habari za saa moja.

Mpaka wa Athi nao una visa vyake. Tangu Julai 2023, Makueni ina jimbo lake, Wote, lililokatwa kutoka Machakos na kukabidhiwa Askofu Paul Kariuki Njiru. Familia yenye shamba ng'ambo hii ya Athi na binti aliyeolewa ng'ambo ile ina maaskofu wawili, Joseph Mwongela wa Kitui na Njiru wa Wote. Soko, hata hivyo, ni lilelile, na soko ndilo nililokusudia kulifikia.

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo Mkamba wa kusini anazotegemea. Zikinyesha, ndengu huvunwa Januari na Februari, na Kwaresima huja mara tu baada ya mavuno, wakati nyumba ina kitu. Huo ndio msimu wa madalali. Wanakuja na magunia matupu na pesa taslimu, na wengi wao si wageni. Ni watu wa hapahapa, wana vibanda sokoni, wengine ni wazee wa kanisa na wanakwaya. Mkulima mwenye deni la dukani na karo mlangoni hawezi kusubiri bei ipande. Anauza leo. Na huuza kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, si kwa mizani.

Kila mtu anajua michezo ya gorogoro. Wakati wa kununua, hujazwa hadi kilele kisimame juu ya mdomo wa kopo. Wakati wa kuuza, husawazishwa kwa kiganja. Kuna kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani, na kuna lililopanuliwa ubavuni. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwataja watu wa aina hii karne nyingi kabla ya Kristo: wafanyabiashara wanaongoja sabato iishe ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Somo hilo husomwa katika Misa ya Jumapili mara moja kila miaka mitatu, mwezi Septemba. Sijapata kusikia mahubiri yake yakiishia kwenye gorogoro.

Kenya ina kisa cha Injili inachokipenda siku hizi. Tangu kodi zilipopanda, rais amepachikwa jina la Zakayo, na kelele za "Zakayo shuka" zilijaza barabara Juni 2024. Ikutha pia watu walicheka. Jumuiya zilizosoma Luka sura ya 19 mwaka huo hazikuhitaji maelezo mengi. Lakini kisa chenyewe hakiishii kwenye mti. Zakayo anashuka, anampokea mgeni nyumbani, kisha anapiga hesabu mbele ya watu: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyedhulumiwa, mara nne. Yesu hakuwa amemtajia kiasi chochote. Zakayo alijua mwenyewe ni nani alimpunja na kwa shilingi ngapi.

Dalali wa ndengu naye anajua. Anawajua wauzaji wake kwa majina, watoto wao husoma na wake, anakumbuka ni nani alileta magunia mangapi mwaka gani, maana kumbukumbu hiyo ndiyo biashara yake. Kilele cha gorogoro moja ni viganja viwili vya ndengu. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45, kwa hiyo ni viganja 90. Anayetaka kujua mara nne ya hiyo ni ngapi, kwa misimu mingapi, hahitaji padri wa kumsaidia kuhesabu.